Mikono Waliyosema Nimeificha

Aliikokota barua yangu kwa rula. Hapo ndipo nilipoishiwa na subira.

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya karani wa bima, ghorofa ya kwanza ya nyumba moja nyuma ya soko la Darajani, mjini Unguja. Mara ya ngapi kufika pale sijui, nilishaacha kuhesabu. Nilimnyooshea barua, hakuipokea, nikaiweka mezani. Akanitazama vidole, akachukua rula ya mbao iliyokuwa kando ya wino, akaikokota ile barua juu ya meza mpaka upande wake, kama mtu anayetoa mende aliyekufa. Kisha akafungua jalada langu, akasoma kwa midomo, akasema, "Bibi, kampuni ishatoa jibu. Ulificha maradhi."

"Nilificha wapi?"

"Ripoti ya daktari ndivyo inavyosema."

Nikainama. Jalada lilikuwa wazi, na upande wa kushoto ilikuwapo fomu yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ule wa kulala kidogo niliofundishwa skuli. Swali: una maradhi yoyote ya ngozi? Jibu: Ndiyo. Ukurutu, mikono yote miwili. Maneno hayo yamekaa pale zaidi ya miaka miwili.

"Na hii nini? Soma hapa, bwana. Hii nini?"

Akalivuta jalada kwa rula ile ile. "Usiguse, bibi, tafadhali. Jalada hili linashikwa na watu wengine."

Basi nikauweka mkono. Wote, kiganja chini, juu ya ile karatasi. Kiganja kilikuwa kimepasuka asubuhi ile nikijaribu kumfulia mwanangu nguo, kikaacha doa. "Haya, sasa limeshikwa," nikamwambia. "Upige na huo mkono kwa rula yako, tuone kama nao utasogea." Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akasema "Lahaula" polepole. Karani akainuka kwenye kiti akarudi nyuma mpaka dirishani. Niliyomwambia baada ya hapo siyaandiki, maana hii nawaandikia wasichana.

Ninyi ndio ninaowaandikia, wadogo zangu mlioingia mwaka huu kwenye kazi ya ukunga. Nimesikia mshapewa magauni meupe na kofia, na kwamba mmoja wenu alizirai siku ya kwanza. Msimcheke. Mie nilizirai siku ya pili, na nikaangukia beseni.

Nami ni mstaafu. Mtasema mstaafu ni mtu mwenye mvi na mkongojo. Mie sina hata unywele mmoja mweupe. Nina miaka ishirini na nane na mtoto mmoja, Rukia, ambaye hajatimia miaka mitatu, na nimestaafu kwa sababu mikono yangu hairuhusiwi tena kumgusa mzazi. Nilifanya kazi miaka saba katika nyumba ya uzazi moja hapa mjini. Jina lake silitaji. Wanaoijua wanaijua.

Aliyenifundisha kazi si kitabu. Vitabu tulivyopewa vilikuwa vya kabla ya vita, na wanawake waliochorwa humo wanazaa huku wametulia kama wanaosubiri chai. Aliyenifundisha ni Bi Mwanapili, mkunga mkongwe wa wodi yetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunadia samaki. Somo lake la kwanza lilikuwa kunawa, na la pili lilikuwa kunawa. Kucha zikatwe mpaka mwisho. Brashi ianzie ncha za vidole ipande viwikoni, isishuke. Maji yachuruzike kuelekea kiwiko, yasirudi vidoleni. Ukimaliza, mikono juu kama anayeomba dua, na mlango usiuguse, usukume kwa kiuno. Mlango wetu ulikuwa na alama iliyochakaa rangi, ya chini kabisa, na kila mgeni aliambiwa hicho ndicho kimo cha Bi Mwanapili.

Mambo mengine hamtayakuta darasani. Kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto kipasheni moto kwanza kiganjani, mzazi asiruke. Mama akianza kuwatukana, furahini, ana nguvu. Akianza kuwaomba radhi, mwiteni daktari. Na wakwe wawili wakiwa nje ya mlango, mmoja mtumeni maji ya moto na mwengine mtumeni nyumbani akalete kanga, hata kama kanga zipo.

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa la mafuta. Mikono ilikuwa imeanza kunikauka kwa ile sabuni ya dawa na maji yake yanayonuka kama lami. Siku hiyo nilishanawa, mzazi bado anahangaika, nikaona nijipake tone la mafuta ya nazi, nani atajua? Mzazi hakuningoja. Mtoto alikuja kwa mkupuo mmoja, nikamdaka, akaniteleza kama changu aliyetoka majini, akatua kitandani baina ya miguu ya mama yake. Kitandani, si sakafuni. Ndiyo maana naweza kuisimulia.

"We Nafisa!" Bi Mwanapili akapiga ukelele. "Unakaanga au unazalisha?"

Mzazi mwenyewe alicheka mpaka tukaogopa. Lakini kazi ilipokwisha, Bi Mwanapili alinivuta mpaka chumba cha mashuka, akafunga mlango, akanionesha mikono yake. Sikuwahi kuitazama kwa karibu. Baina ya vidole ngozi ilikuwa imekuwa nene na ya kijivu, imepasuka kama udongo wa kiangazi, na pembeni panatoka majimaji.

"Tangu lini, Bi Mwanapili?"

"Tangu wewe hujavunja ungo. Mafuta paka ukitoka kazini, usipake ukiingia. Na usimuoneshe Matroni. Matroni akiona, anakutoa."

Nikamtii. Wote tulimtii. Asubuhi Matroni akipita kukagua, tulisimama mstari mmoja mikono nyuma, kwa adabu, na yeye akitusifu kwa adabu ile. Daftari la wafanyakazi wagonjwa lilikuwa juu ya meza yake, na katika miaka saba hakuna hata mmoja aliyeandikwa humo kwa ajili ya ngozi. Nampenda Bi Mwanapili, na Mungu amlipe kwa kila alichonifunza, lakini somo lile lilikuwa baya kuliko yote, nami ndiye ninayelilipia.

Ukurutu ni hivi. Unaanza kwa muwasho mdogo chini ya pete. Unakuja upele wa maji, unapasuka, ngozi inakauka, inachanika. Ukipumzika siku nne unaanza kufunga. Ukirudi kwenye beseni unafumuka. Hauambukizi. Narudia, kwa sababu hata shangazi yangu aliacha kula kwangu: hauambukizi. Si ukoma, si choa, si jicho la mtu. Glavu za mpira nilizijaribu, zile tulizozichemsha na kuzitia poda tukazivaa tena, na mikono ikatokota humo ndani kama muhogo.

Nilipokuwa na mimba ya Rukia alikuja wodini wakala wa bima, bwana mmoja mwenye koti na maneno laini. Akatukusanya chumba cha chai. "Nyinyi dada zangu," akasema, "mikono yenu ndiyo shamba lenu. Ukiumwa usiweze kazi, kampuni itakulisha." Wenzangu walicheka, wakamuuliza kama kampuni itawapikia pia. Mie sikucheka. Mume wangu ni fundi cherehani, kazi yake inategemea sikukuu, na mie mikono yangu nilikuwa naiona. Nikachukua fomu.

Nilipofika swali la ngozi, wakala aliyekuwa ananichungulia begani akasema, "Hapo andika hapana, dada. Huo si ugonjwa, ni mambo ya sabuni tu."

"Ni ugonjwa," nikasema. "Nao ninao."

"Utajipa tabu."

Nikaandika ndiyo. Akashusha pumzi, akasema hapana neno, daktari wa kampuni ataangalia mwenyewe. Lakini daktari hapimi mwenye mimba. Nije nikishajifungua.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu kosa nililofanya hapa ninyi nyote mngelifanya.

Nilijifungua salama. Nikakaa arubaini yangu nyumbani kwa mama mkwe, nasingwa mwili mzima, nalishwa uji wa pilipili manga, sigusi sabuni ya dawa wala beseni. Katika siku hizo mikono yangu ilianza kufunga. Kwa macho yangu niliona ngozi changa inaota baina ya vidole. Siku ya kutoka arubaini mama mkwe akasaga majani ya mhina, akayakanda kwa ndimu, akanikalisha.

"Mama, kesho kutwa nnakwenda kwa daktari wa bima," nikamwambia. "Ataka kuiona mikono."

"Basi si vizuri aione imependeza? Mzazi atoke arubaini mikono mitupu, watu watasema nimekufukuza. Na hina dawa, mwanangu. Inakaza ngozi."

Ndimu ilinichoma kwenye mipasuko mpaka machozi yakanitoka, na yeye akasema ndiyo dawa inavyoingia. Akanipaka viganja vyote na vidole, juu na chini, kisha juu yake akanichora piko. Mkono ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni, na maua meusi. Sikuona ubaya. Nilijiona nakwenda mbele ya mtu mkubwa nimejiweka vizuri, kama mtu anayejua heshima.

Daktari alikuwa nyuma ya meza. Hakuinuka. Alinipima mapigo, akanisikiliza kifua, akaitazama mikono kutoka kule aliko akacheka. "A-a, mikono ya harusi!"

"Ya arubaini, daktari. Na chini ya hina pana ukurutu. Nimeandika kwenye fomu."

"Vizuri, vizuri," akasema huku anaandika. Sikumwambia nioneshe ulichoandika. Nimesoma mpaka sekondari, naweza kusoma Kiingereza chake chote, na nilikaa pale nimekunja mikono mapajani kama bibi harusi nikingoja kuruhusiwa kuondoka.

Alichoandika nilikuja kukijua baada ya miaka miwili. Kwamba mikono ya mwombaji imepakwa rangi nzito na ngozi haikuweza kuonekana. Kampuni ikapokea ripoti hiyo, ikanipa bima, ikachukua ada yangu kila mwezi bila kuuliza kitu. Rangi haikuwasumbua wakati wa kupokea.

Nikarudi kazini, na wiki ya pili tu mikono ikafumuka upya. Mwaka wa kwanza niliweza. Mwaka wa pili nilikuwa nanawa huku nauma ukosi wa gauni. Mwisho ulikuwa Matemwe. Tulikuwa tukipelekwa shamba kwa gari kuwapima wenye mimba, na mama mmoja kijana, mimba yake ya kwanza, alikuwa ameshajilaza mkekani, tumbo wazi. Nikatoa mikono nimpime. Akanyanyuka kwa viwiko.

"Yeye asinishike," akamwambia Bi Mwanapili, kwa sauti ndogo, bila ya ukali. "Wewe nishike. Yeye hapana. Mikono ile itamdhuru mwanangu."

Bi Mwanapili akamkaripia, akamwambia, "Huyu mkunga bora kuliko mie." Yule mama akajifunika kanga, akageukia ukutani. Na mie sikumlaumu, na simlaumu leo. Nilikwenda kukaa ndani ya gari mpaka kazi ikaisha. Habari ikamfikia Matroni, akaniita, safari hii akasema nitoe mikono mbele. Akaitazama kwa muda mrefu. Akasema pole. Wiki ile ile nikaandikiwa barua ya kuacha kazi.

Nikaenda kudai pande mbili. Nyumba ya uzazi nikawaambia, nimeharibikia kwenu, nilipeni fidia. Wakajibu kwa barua: katika daftari letu la wagonjwa hakuna hata siku moja ulipoandikwa kwa maradhi ya ngozi, kwa hivyo maradhi haya hayakutokana na kazi. Nikaenda kwenye bima. Nao wakajibu kwa barua: maradhi haya ulikuwa nayo tangu kabla ya bima, kazini kwako, nawe uliyaficha kwa rangi mbele ya daktari wetu.

Someni tena, taratibu. Kwa mmoja, maradhi hayajawahi kuwapo. Kwa mwengine, yalikuwapo tangu zamani mno. Na katikati nipo mie, siwezi kufua, siwezi kukamua nazi, siwezi kushika sindano nimsaidie mume wangu kutia vifungo. Rukia namwogesha nikiwa nimefunga vitambaa mikononi. Yeye tu ndiye anayeipenda mikono hii. Akitokwa na vipele vya joto husema, "Mama, nikune kwa mkono wako," kwa sababu unakwaruza vizuri. Namkuna. Akilala najikuta bado namkuna.

Kulipwa nnataka, sisemi uongo. Lakini lile neno 'alificha' wameliandika kwenye jalada, na jalada hilo ndilo linalosema habari zangu nisipokuwapo. Nimeshakwenda kuomba kazi ya kufundisha wasichana usafi, kazi ya mdomo tu, isiyotaka kugusa mtu. Waliponiuliza kwa nini nimeacha ukunga nikaeleza, na walipouliza kwenye bima wakaambiwa mama huyu alificha ugonjwa. Kazi nimenyimwa. Mwaka ujao nitakwenda kwengine na wataambiwa hivyo hivyo.

Basi chukueni haya, mnipe angalau faida hiyo. Siku ya kwanza ya muwasho, siku hiyo hiyo, nenda kwa Matroni ukaandikwe. Akikufokea, afoke, maadamu kalamu inakwenda. Ukijaza fomu ya bima, inakili neno kwa neno kwenye daftari lako, umpe wakala aitie sahihi. Ukienda kupimwa, nenda mikono mitupu, hata kama umetoka arubaini jana. Mwambie mama mkwe hina itangoja. Atanuna. Muache anune. Daktari asipokaribia, msogelee wewe, umtie mkono chini ya pua, na usitoke mpaka akusomee alichoandika. Na mkisimamishwa mstari asubuhi, mikono iwe mbele.

Bi Mwanapili nilimwendea juzi. Nikamwomba aje aseme mbele ya watu kwamba wodi nzima ilikuwa na mikono kama yangu. Akasema, "Mwanangu, mie nimebakisha mwaka mmoja nipate pensheni yangu." Akaingiza mikono ndani ya kanga. Nikamuamkia, nikatoka. Sikumkasirikia.

Kutoka kwake nilikwenda nyumbani, nikamuweka Rukia kwa bibi yake, nikakaa kuandika barua. Kalamu niliishika kwa kitambaa. Asubuhi yake niliipeleka Ofisi ya Kazi, nikangoja mpaka ikapigwa muhuri mbele yangu, na nakala yake ninayo. Hii hapa, kama nilivyoiandika.

"Kwa Bwana Afisa wa Kazi. Mimi Nafisa binti Khalfan, mkunga, mkaazi wa mjini Unguja, naleta lalamiko juu ya watu wawili: nyumba ya uzazi iliyoniajiri miaka saba, na kampuni ya bima iliyopokea ada yangu miaka miwili. Barua zao nimeziambatisha.

"Mwajiri anasema sikupata kuugua ngozi nilipokuwa kazini. Kampuni inasema niliugua ngozi nikiwa kazini tangu kabla ya bima, na kwamba niliificha. Barua hizi mbili haziwezi kuwa za kweli zote, na kila mmoja amenikatalia kwa ile yake. Kampuni inayo fomu ambayo kwa mkono wangu nimeandika kuwa nina ukurutu. Waliisoma kabla ya kunikubalia, na daktari wao nilimwambia kwa mdomo. Kama hakuona, angeweza kuniita tena baada ya wiki tatu, hina ikishatoka. Hakuniita.

"Kwamba sikuandikwa kwenye daftari la wagonjwa ni kweli, na kosa hilo ni langu. Sababu ni kwamba tuliambiwa atakayeonekana ana ngozi mbaya atafukuzwa. Naomba ofisi yako iwaite wakunga wote waliopo kazini leo, bila kuwataja majina, waoneshe mikono yao.

"Naomba fidia yangu kwa yeyote kati ya wawili hawa anayestahili kuitoa. Naomba neno 'alificha' lifutwe kwenye jalada, nami nioneshwe limefutwa.

"Na kabla ya hayo yote naomba waitwe siku moja, chumba kimoja, na kila mmoja apewe barua ya mwenzake aisome kwa sauti. Mimi nitakuwapo, nasikiliza."